MALI BILA DAFTARI: HABARI ZA BENDI YA SUNBURST

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wa Kilosa na Mikumi)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya muziki. Wengine wenu mtasema, "Ala! Tumekuja kusikia habari za mbolea na mahindi, tunaletewa habari za magitaa?" Ndiyo, ndugu zetu. Leo ni magitaa. Tuvumiliane kidogo, na mwisho mtaona kuwa jambo hili linagusa pia mahindi, ushirika, na fedha zilizomo mifukoni mwetu.

KWA NINI TUZUNGUMZE JUU YA BENDI

Katika vijiji vyetu kuna mambo mawili yanayotugombanisha. La kwanza ni vijana kutaka kuunda vikundi vya muziki. Wanachanga fedha, wananunua spika na gitaa, wanapiga kelele mpaka usiku. Wazee wanasema, "Huu ni uhuni." Vijana wanasema, "Wazee hawatutaki." Basi, kila upande unanuna.

La pili ni vyombo. Kikundi kikivunjika, kila mtu anadai spika ni yake. Mmoja anasema, "Mimi nilitoa fedha nyingi." Mwingine anasema, "Mimi ndiye niliyekwenda kununua Morogoro." Wa tatu amekwisha kukifungia kinanda nyumbani kwake. Hakuna karatasi hata moja. Watu waliokula sahani moja hawasalimiani tena.

Sasa, badala ya kugombana, sisi tumeona tuwaeleze habari za bendi moja ya nchi yetu. Bendi hiyo iliitwa Sunburst. Ilipiga muziki wa roki. Haikuishi miaka mingi, na watu wengi wa vijijini hawakuisikia. Lakini habari zake zina mafunzo mengi kwetu.

KWANZA TUKUMBUKE YA KWETU

Mkoa wetu wa Morogoro si mgeni katika muziki wa dansi. Wazee mliopo hapa mnajua. Mjini Morogoro kulikuwa na bendi mbili kubwa. Moja ni Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Nyingine ni Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Bendi hizi mbili zilishindana kama Simba na Yanga. Mtu wa Morogoro Jazz hakutaka kusikia habari za Cuban Marimba, na wa Cuban Marimba vilevile.

Salum Abdallah alikufa mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Katika miaka hiyo hiyo, kijana Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz. Wote mnamjua Mbaraka. Gitaa lake la solo lilikuwa kama linazungumza. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda mpaka Japani, kupiga katika maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Osaka. Fikirini jambo hilo. Bendi ya Morogoro ikapigia watu wa dunia nzima!

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaanza bendi ya Super Volcano. Januari 1979 naye alikufa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 34 tu.

Sasa tazameni tofauti. Salum Abdallah alipokufa, Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliishika, na bendi ikaendelea kuvuma miaka mingi. Lakini Mbaraka alipokufa, Super Volcano haikuweza tena kusimama kama zamani. Mji mmoja, ajali za namna moja, lakini mwisho mbali mbali. Likumbukeni jambo hili. Tutalirudia.

MUZIKI WA ROKI NI NINI?

Labda wengine wanauliza, "Hiyo roki ni kitu gani?" Swali zuri.

Roki ni muziki unaopigwa kwa magitaa ya umeme, dramu, na sauti kubwa. Gitaa la kawaida lina tumbo la wazi. Nyuzi zikitikisika, tumbo lile hukuza sauti, kama vile kibuyu kinavyokuza sauti ya zeze. Gitaa la umeme halina haja ya tumbo. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo hupita katika waya. Umeme huo huenda katika mashine ya kukuza sauti, kisha hutoka katika spika. Mpigaji akiifungulia sana mashine, sauti huanza kukwaruza na kunguruma. Watu wa muziki mwingine husema mashine imeharibika. Watu wa roki husema, "Hapo hapo, usiguse!"

Je, roki ni muziki wa Wazungu? Wengi husema hivyo. Lakini si kweli kabisa. Roki ilizaliwa Marekani katika nyimbo za watu weusi, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Wazungu waliipokea, wakaikuza, wakapata fedha nyingi. Kwa hiyo vijana wa Afrika walipoishika roki, walikuwa kama mtu anayeokota jembe la babu yake katika shamba la jirani.

Kulikuwa na ndugu wa muziki huo aliyeitwa soul. Nao ulikuwa muziki wa watu weusi wa Marekani. Mwimbaji wake mkubwa alikuwa James Brown. Vijana wa Dar es Salaam waliupenda sana katika miaka ya 1960.

WAKATI WENYEWE ULIKUWAJE?

Tukumbuke wakati ule. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Taifa lilikuwa linatafuta njia yake. Watu waliulizana, "Utamaduni wetu ni upi?" Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana. Sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zilipigwa vita. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo, mkuu wa mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam.

Wako waliofurahi. Walisema muziki ule unawapoteza watoto. Wako walionung'unika. Walisema, "Huu ni muziki wa ndugu zetu weusi, kwa nini tuukatae?" Watu waliandika barua magazetini, upande huu na upande ule. Sisi hatukuja hapa kuamua nani alishinda. Tunataka mjue tu kwamba ugomvi wa wazee na vijana juu ya kelele za magitaa haukuanza jana hapa kwetu.

Jambo jingine ni hili. Wakati ule bendi nyingi kubwa zilikuwa na mama wa kuzilea. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na Polisi Jazz. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi yake. Mama huyo alinunua vyombo, na wanamuziki wakapata mshahara kila mwezi kama wafanyakazi wengine. Ulikuwa mpango mzuri kwa tumbo. Lakini anayekulisha ndiye anayekuambia upige nini. Na siku ukiondoka, unaondoka na vidole vyako tu. Gitaa linabaki.

SUNBURST YAZALIWA

Katika hali hiyo, mwaka 1970, vijana waliunda bendi ya Sunburst katika Dar es Salaam. Jina lake ni la Kiingereza. Maana yake ni jua linapochomoza ghafla katika mawingu.

Mwimbaji wao aliitwa James Mpungo. Mpiga gitaa aliitwa Hembi Flory Kongo, aliyetoka Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa imejaa wageni. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na Zimbabwe walikuwa pale. Wanamuziki wa Zaire walikuwa pale. Wanafunzi na walimu wa nchi nyingi walikuwa pale. Basi, bendi kama Sunburst ilikuwa mtoto wa mji huo.

Walipiga namna gani? Walichanganya. Walichukua ukali wa roki na mwendo wa soul, wakatia midundo ya Kiafrika. Waliimba kwa Kiswahili, wakaimba na kwa Kiingereza. Mnajua bendi zetu zina desturi ya kuupa mtindo jina. NUTA waliita Msondo. Baadaye Mlimani Park wakaita Sikinde. Sunburst nao waliupa mtindo wao jina: Kitoto.

Bendi hii haikuwa na shirika la kuilea. Ilikuwa bendi ya vijana, na muziki wake haukuwa ule uliozoeleka katika kumbi za dansi. Leo vijana wangesema ni bendi ya chini chini. Wenye kujua walijua. Wasiojua walipita tu.

SHIDA YA KUTIA NYIMBO KATIKA SANTURI

Sasa jamani, bendi bila santuri ni kama mkulima bila ghala. Leo anavuna, kesho panya wamekula.

Wakati ule hapa nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mahali pakubwa pa kutilia nyimbo sauti palikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikwenda pale, ikapiga, mafundi wakanasa katika kanda, na redio ikatangaza nchi nzima. Hilo lilikuwa jambo jema. Hata mtu wa Kimamba katika shamba la katani, au mtu wa Ulaya kule kwetu Kilosa, aliweza kusikia. Lakini kanda ilibaki redioni. Haikuuzwa dukani.

Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alifanya hivyo, na wimbo wake Shida uliuzwa sana katika Kenya. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Fikirini hasara kwa wanamuziki. Kiwanda kiko ng'ambo ya mlango, na mlango umetiwa komeo.

Sunburst nao walinasa nyimbo Radio Tanzania mwaka 1973. Walitoa pia santuri ndogo. Lakini santuri yao kubwa waliitengenezea nchi nyingine: Zambia.

Kwa nini Zambia? Zambia ya wakati ule ilikuwa na vijana wengi waliopiga roki. Bendi yao iliyovuma sana iliitwa WITCH. Huko, roki haikuwa kitu cha kushangaza. Muziki ule baadaye ulipewa jina la Zamrock. Kwa hiyo bendi ya roki ya Tanzania ingeweza kupata huko watu wa kuielewa.

Ninyi watu wa Mikumi mnaijua njia ya Zambia. Inapita hapa hapa mlangoni kwenu. Inatoka Dar es Salaam, Morogoro, inakata katika mbuga ya wanyama, inafika Mikumi, inapanda Iringa, inakwenda Mbeya na Tunduma. Kila siku mnaona malori ya shaba na ya mafuta. Barabara hii haikubeba shaba na mafuta tu. Katika miaka ile ilibeba pia magazeti, mitindo ya nguo, na nyimbo. Na mwaka 1976 reli ya TAZARA nayo ilifunguliwa, ikaiunganisha Dar es Salaam na Zambia.

Mwaka huo huo wa 1976, santuri kubwa ya Sunburst ilitoka. Iliitwa Ave Africa. Maana yake ni kama kusema, "Salaam, Afrika." Ilikuwa santuri yao kubwa ya kwanza. Ilikuwa pia ya mwisho.

Baada ya hapo bendi haikudumu. Kutoka 1970 mpaka siku za Ave Africa ni kama miaka sita. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanzishwa alikuwa hajamaliza hata darasa la kwanza.

MIAKA 40 BAADAYE

Je, hadithi imekwisha? Hapana.

Santuri ya Ave Africa haikutengenezwa kwa wingi. Ikawa kitu adimu. Watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya santuri za zamani walianza kuitafuta. Mwaka 2016, yaani miaka 40 baada ya santuri kutoka, kampuni moja ya Uingereza iitwayo Strut iliitoa upya. Walikusanya santuri kubwa, santuri ndogo, na zile nyimbo zilizonaswa redioni mwaka 1973. Vijana wa London ambao baba zao walikuwa hawajaoana wakati ule wakaanza kucheza Sunburst.

Kumbe bendi iliyoishi miaka michache inaweza kusikika baada ya miaka 40! Kwa sababu gani? Kwa sababu moja tu. Kulikuwa na kanda na kulikuwa na santuri. Kilichonaswa kilibaki. Nyimbo zote nzuri zilizopigwa jukwaani usiku, zisinaswe wala kuandikwa, zimekwenda na upepo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumza juu ya biashara. Lakini wimbo nao ni mali.

TUNAJIFUNZA NINI?

Sasa tuje nyumbani, Kilosa na Mikumi. Tunayo mambo manne ya kuwaambia.

1. Vyombo ni vya nani?

Hili ndilo linaloua vikundi vingi kuliko ulevi na kuliko wivu. Tuchukue mfano. Watu 8 wameunda kikundi. Kila mtu anatoa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja ni shilingi 160,000. Kwa miezi 10 ni shilingi 1,600,000. Wananunua spika, gitaa na mashine. Mwezi wa kumi na mmoja mtu mmoja anahamia Kidatu kufanya kazi ya miwa. Anasema, "Nipeni changu." Chake ni kipi? Akate kipande cha spika?

Dawa yake ni daftari la shilingi mia chache. Andikeni majina. Andikeni kila mtu ametoa kiasi gani na tarehe gani. Andikeni kila chombo, bei yake, na risiti muibandike pale. Kisha andikeni makubaliano: anayeondoka apewe nini, na apewe lini. Wote watie sahihi. Mwandike siku mnapopendana, kwa maana siku ya ugomvi hakuna atakayeshika kalamu.

2. Mapato yagawanywe wazi.

Kikundi kimealikwa arusini, kimepata shilingi 110,000. Nauli na mafuta ya jenereta ni shilingi 30,000. Zinabaki 80,000. Robo moja, yaani shilingi 20,000, iende katika mfuko wa kikundi kwa ajili ya nyuzi na matengenezo. Zinabaki 60,000. Ukigawa kwa watu 8, kila mtu anapata shilingi 7,500. Hesabu hii tuliijifunza katika kisomo. Ifanyeni mbele ya wote, juu ya meza, fedha zikionekana. Mtu akiona hesabu kwa macho yake hanung'uniki njiani.

3. Nyimbo ziandikwe.

Tuna watu hapa wanaotunga nyimbo za ngoma kwa Kisagara, kwa Kividunda na kwa Kikaguru. Wengine wenu mnakwenda kuchezea wageni katika hoteli za Mikumi. Wageni wanapiga picha, wananasa sauti, wanaondoka. Wimbo unakwenda Ulaya, mtungaji anabaki na soda moja.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtungaji. Haki hiyo ni yake maisha yake yote, na baada ya kufa kwake warithi wake wanaendelea nayo kwa miaka 50. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo inaitwa COSOTA. Lakini siku ya ubishi utaulizwa, "Una ushahidi gani kuwa wimbo ni wako?" Ukisema, "Kijiji kizima kinajua," huo ni ushahidi mgumu kuubeba mpaka mjini. Lakini ukiwa na daftari lenye maneno ya wimbo, jina la mtungaji, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili, mambo yanakuwa mepesi. Siku hizi simu nyingi zinanasa sauti. Naseni. Taja jina lako na tarehe mwanzoni, kisha imba. Na kikundi chenu kiandikisheni. Anzeni kwa kumwona afisa utamaduni wa wilaya, naye atawaeleza njia ya kufika BASATA.

4. Kikundi kisiwe mtu mmoja.

Hapa ndipo tunarudi kwa Super Volcano na Cuban Marimba. Mtu hodari ni baraka. Lakini kama yeye peke yake ndiye anayejua nyimbo, anayeweka fedha, anayepatana na wenye kumbi, basi siku akiugua kikundi kimeugua. Siku akifa, mnazika viwili. Mfundishaneni. Anayepiga besi ajue kidogo solo. Mwekahazina awe na msaidizi. Mwenyekiti na ajue kwamba iko siku atapisha. Na jambo hili si la muziki tu. Ni la kikundi cha kuweka na kukopa, ni la ushirika wa ufuta, ni la kamati ya maji.

NENO KWA WAZEE, NENO KWA VIJANA

Wazee wetu, tunawaheshimu. Kelele za usiku zinaumiza, hasa mtu akiwa na mgonjwa ndani. Mna haki ya kudai saa za kulala. Lakini msiseme kila kipya ni uhuni. Mnakumbuka dansi lenyewe lilipoingia? Wazee wenu nao walisema wanaume na wanawake kushikana viuno ni mwisho wa dunia. Dunia haikwisha. Nanyi leo mkisikia Mbaraka redioni mnatikisa kichwa na kusema, "Huo ndio muziki!" Basi, kijana mwenye gitaa ana kazi. Mikono yake imeshughulika. Mwiteni, mpatane saa, mpeni uwanja mbali na zahanati.

Vijana wetu, nanyi tuwaambie. Msiige tu. Sunburst walichukua roki ya ng'ambo, lakini wakaimba Kiswahili, wakatia midundo ya Afrika, wakaupa mtindo wao jina lao. Ndiyo maana watu wa Uingereza walihangaika kuwatafuta. Watu wa London wanayo roki yao ya kuwatosha. Walichotafuta ni kile ambacho hawana. Ninyi mna ngoma za Usagara na Uvidunda ambazo hakuna kijana wa dunia hii anayezijua kuliko ninyi. Kaeni na bibi zenu, waulizeni zile nyimbo za kuvuna na za jando. Andikeni. Kisha shikeni magitaa yenu.

NI HASARA KUISHI MIAKA MICHACHE?

Mwisho kabisa, kuna msemo usemao ngoma ivumayo haidumu. Watu huutumia kuwacheka wenye kuvuma. Lakini tuutazame vizuri. Hata mahindi hayadumu. Yanaota, yanazaa, yanakauka, katika miezi michache. Hakuna mkulima anayeyacheka mahindi kwa kufa upesi. Anachouliza ni moja tu: "Mbegu iliwekwa?"

Sunburst haikudumu, lakini mbegu iliwekwa. Vikundi vingine vilidumu muda mrefu zaidi, vikachezesha watu wengi zaidi, na leo hakuna hata jina la wimbo wao mmoja linalokumbukwa. Tofauti ni ile kanda ya mwaka 1973 na ile santuri ya mwaka 1976.

Ndugu wahitimu, ninyi mmekwisha kuipata kalamu. Wengi wenu mliipata ukubwani, kwa jasho, baada ya shamba na baada ya kupika. Msiitumie kwa barua na kwa kura tu. Kikundi chenu cha ngoma, cha kwaya, cha bendi au cha kilimo, kipeni daftari. Mnaweza kuanza wiki hii hii.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Sunburst ilianza mwaka gani na santuri yake kubwa ilitoka mwaka gani? Ni miaka mingapi kati yake?

2. Kwa nini bendi za Tanzania zilikwenda nchi nyingine kutengeneza santuri?

3. Cuban Marimba iliendelea baada ya kifo cha kiongozi wake. Super Volcano haikuweza. Katika kijiji chenu kuna kikundi gani kinachomtegemea mtu mmoja? Mfanye nini?

4. Kikundi kimepata shilingi 150,000. Gharama ni 30,000. Robo ya kilichobaki inakwenda katika mfuko. Waliobaki ni watu 9. Kila mtu atapata shilingi ngapi?

5. Tajeni nyimbo tatu za ngoma za kwenu ambazo hazijaandikwa. Nani anazijua? Nani ataziandika, na lini?